Damu ya Nje kwa Mbwa wa Baba

Rau Madukani,
Moshi.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa kaka Wenseslaus,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa theluji uwe umetulia. Wifi hajambo? Na Given wetu, meno ya mbele yameshaota? Mwambie shangazi yake anamuuliza kila siku, na kwamba lile pengo alilonionyesha kwenye simu nimewasimulia walimu wenzangu wote.

Sisi huku tu wazima. Mama presha yake inapanda na kushuka, lakini vidonge anameza bila kusukumwa, na bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe ingawa tumemkataza. Nimefunga shule Ijumaa iliyopita na jana nilikuwa kwake Mkuu. Masika yamenyesha vizuri mwaka huu, migomba ya upande wa mfereji imebeba hadi tumeitegemeza kwa miti. Ule ukungu wa mwezi wa sita umeshaanza. Asubuhi Mawenzi haionekani kabisa, na mama anakaa jikoni na khanga mbili mabegani akisema huko uliko lazima ni baridi kuliko hapa. Kila nikipika kiburu, zile ndizi na maharage, ananiambia nikutengee, halafu anacheka mwenyewe, halafu anapakua sahani zetu mbili tu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nasrin, binti wa jirani yangu Seleman hapa Rau, amepata nafasi ya masomo katika mji wako huohuo na anasafiri Alhamisi. Nimeona nimpe barua, kwa sababu kwenye simu huwa tunaishia salamu. Ukiniuliza mbwa wa baba wanaendeleaje, mimi hukujibu kwamba wapo. Kaka, hilo jibu limenikaa kooni mwaka mzima na zaidi. Leo nataka nikueleze yote, na ukimaliza kusoma uniambie kama umekasirika.

Unajua jinsi baba alivyowathamini wale mbwa. Mtu aliyekuwa mlinzi wa ghala la kahawa maisha yake yote hakuwa na kitu ambacho wengine hawana, hadi yule fundi umeme wa misheni aliporudi kwao Ujerumani na kumwachia Greta na Bruno, shepadi wawili wa tumbo moja. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Nakumbuka ulivyokuwa ukienda bandani kwa Greta na shuka lako, na mama akikutoa huko asubuhi ukiwa na manyoya hadi kwenye nyusi. Watu walikuja kutoka Tarakea na Marangu kuomba watoto wa mbwa wa Mzee Basili. Wote walifanana: masikio yaleyale, mgongo uleule mweusi, macho yaleyale ya kukupima kabla ya kukukubali. Baba alisema ni kwa sababu hakuruhusu damu ya nje. Greta alizaa na Bruno, binti yao akapandishwa na Bruno huyohuyo, kisha kaka kwa dada tena, miaka ishirini na sita.

Hukuwepo siku zile za mwisho na sikulaumu, najua habari ya vibali. Lakini jambo moja sikukueleza lilivyokuwa. Siku mbili kabla baba hajafariki aliniita karibu na kitanda pale wodini. Sauti ilikuwa imeshakwisha. Nilidhani ataniambia habari za kihamba, shamba letu la ukoo, au za mama. Akasema, "Rosa na Hansi. Wasichanganywe, Redempta." Nikasema ndiyo baba. Walikuwa wamebaki hao wawili tu, jike na dume wa tumbo moja, wana mwaka mmoja. Miezi michache baada ya mazishi na wewe ukanipigia ukaniambia hayohayo, kwamba niwapandishe wenyewe kwa wenyewe ili siku ukirudi ukute Greta mwingine anakungoja getini.

Nilifanya kama mlivyotaka. Januari ya mwaka jana Rosa alipoingia joto nilimwacha na Hansi. Machi akazaa. Nilikuambia hakushika mimba. Nilikudanganya kaka, naomba unisamehe.

Alizaa wanne. Wawili walitoka wameshakufa. Wa tatu alikuwa mzuri wa sura, mweusi mgongoni kama inavyotakiwa, lakini kila akinyonya maziwa yalimtokea puani. Nilipomfungua mdomo nikaona kaakaa limepasuka katikati. Nilimlisha kwa bomba la sindano siku tatu, na siku ya nne akafia kwenye sweta langu. Wa nne hakuwa na kasoro ya kuonekana, ila hakukua, alizidi kupungua tu, na baada ya wiki mbili akafuata wenzake. Rosa alikuwa akichimba pale tulipowazika na mama akimrudisha ndani taratibu.

Nilijiambia ni bahati mbaya. Kisha mwezi wa saba Hansi akaanza kukaa vibaya, miguu ya nyuma imetawanyika kama chura, na akinyanyuka anatetemeka kwanza. Hajafikisha hata miaka mitatu na nusu, kaka. Nikampeleka mjini kwa Gladness, daktari wa mifugo aliyesoma darasa moja na mimi sekondari. Alimpiga picha ya eksirei akanionyesha: kichwa cha mfupa wa paja hakikai ndani ya tundu lake la nyonga, kinaning'inia pembeni. Akaniuliza wazazi wa Hansi ni akina nani. Nilipomaliza kumtajia hadi kwa Greta na Bruno alikuwa ameshaweka kalamu chini.

Alinieleza kwa upole sana, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Kila mtoto anapokea fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Fungu bovu la upande mmoja mara nyingi hufunikwa na zima la upande wa pili, na kasoro haionekani. Lakini baba na mama wakiwa ni ndugu, wamebeba mabovu yaleyale, na ndani ya mtoto yanakutana, hakuna zima la kuyafunika. Akasema kuzalisha ndugu kwa ndugu ndiko kulikomfanya baba apate mbwa wanaofanana vile, uzuri wao ulishikwa kwa njia hiyo hiyo. Ila kilichofichika nacho kilishikwa pamoja na uzuri. Akaniuliza Greta alikuwa akizaa wangapi. Nikakumbuka wewe ulivyokuwa ukiwahesabu kwa vidole ukafika tisa. Bibi yake Rosa alizaa watano. Mama yake Rosa, watatu.

Nilirudi Mkuu na Hansi nyuma ya gari la Gladness, sijui nitamwambia nini mama. Unajua mama hakuwahi kujihusisha na mbwa, kazi yake ilikuwa kupika ugali wao na kulalamika. Nilimweleza tukiwa tunamenya ndizi. Hakushangaa. Aliendelea kumenya hadi akamaliza mkungu, akanawa mikono, ndipo akasema kitu ambacho nimekiandika hapa kama alivyokitamka.

"Baba yenu alikuwa anawazika kwenye kahawa kabla hamjaamka. Akirudi ndani anakataa chai."

Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu mimi niko darasa la tano. Siku zile tulizokuwa tukiambiwa jike ameshusha watatu tu, kumbe walikuwa sita. Wenye midomo iliyopasuka, wengine vipofu, baba aliwaondoa mwenyewe na hakutaka tuone. Mama alimwambia mara moja tu atafute dume la mbali, wakanuniana mwezi mzima. Baba alimjibu kwamba akishachanganya atakuwa na mbwa kama wa watu wengine. Kaka, baba yetu niliyedhani hajui, alijua. Aliogopa tu kubaki bila kile kitu kimoja kilichowafanya watu wapande hadi kwake.

Nikamwambia mama nilikwisha kusema ndiyo pale kitandani.

"Mimi nilitolewa kwetu Mashati nikaletwa hapa," akasema. "Ukoo wenu hauoi ukoo wenu, na baba yako asingekubali mtoto wake aoe binti wa ndugu yake. Sasa mbwa wamekosa nini?"

Nililia, mwana wa mama, sikufichi. Siku chache baadaye nikampigia Gladness nikamwambia nataka kuingiza damu ya nje.

Nilidhani ni kutafuta dume zuri tu na kumaliza kazi. Gladness akaanza na Rosa mwenyewe. Alimpiga picha za nyonga, akampima macho, damu na moyo, akaniambia wazi kwamba Rosa akionekana kama Hansi basi ukoo wa mbwa wa baba umeishia hapo, tutawatunza hao wawili hadi wafe na hakuna kuzalisha. Nilingoja majibu siku mbili. Nyonga za Rosa si za kujivunia lakini zinavumilika, na vingine vyote vizima. Hansi tulimhasi wiki ileile. Sasa anatumia vidonge vya maumivu, nimempunguza uzito, anatembea hadi mferejini na kurudi. Hateseki, usiwe na wasiwasi.

Dume la kwanza tulilolipata lilikuwa hapahapa mjini, la mzee mmoja anaitwa Crispin mwenye nyumba ya wageni. Kaka, ungemwona ungesema ni Bruno amefufuka. Nilimpenda papo hapo, na nadhani nilimpenda kwa sababu hiyohiyo. Gladness akamuuliza Crispin mbwa alitoka wapi. Akasema mama yake alinunuliwa zamani kwa mzee mmoja wa Rombo, mlinzi wa ghala la kahawa. Tulikuwa tunarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Tulimshukuru kwa chai tukaondoka, na ndani ya gari nilicheka hadi machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe.

Wa pili ndiye tuliyemchukua. Yuko tambarare, upande wa Chekereni, kwa mtu anayeitwa Jackson. Ni fundi wa pampu katika mashamba ya miwa, asili yake Mbozi, na dume lake linaitwa Duma. Wazazi wa Duma waliletwa kutoka Nairobi na karatasi zao zinaonyesha babu na bibi hadi vizazi vinne, hakuna hata mmoja anayegusa kwetu. Picha ya nyonga ni nzuri. Jackson naye alituhoji sisi kama tulivyomhoji. Alitaka kujua Rosa amezaa mara ngapi, watoto walikwenda wapi, na kwa nini walikufa. Nilimwambia ukweli wote, mgeni huyo, kabla sijakuambia wewe. Akasema anachotaka ni kuwa wa kwanza kuchagua mtoto mmoja, na kwamba nikishindwa kupata watu wa kuwalea vizuri waliobaki nimrudishie yeye kuliko kuwatupa mtaani.

Shida ikawa kumshusha Rosa, maana gari la Gladness lilikuwa gereji, na la kukodi hakuna aliyekubali kubeba mbwa mkubwa vile. Ni Seleman aliyejitolea. Unajua kwao mbwa hawamgusi, mke wake Mwanaasha hata uani kwangu hakupita siku zile za vipimo Rosa alipokuwepo. Lakini alisikia nikisimulia akaja mwenyewe kuniambia pikapu yake itakwenda Mkuu kuchukua ndizi, na kwamba kubeba hakumkatazi kitu, atasafisha gari baadaye. Basi tukateremka, mimi nyuma na Rosa, Seleman mbele peke yake, kutoka kwenye migomba na baridi hadi Himo, hadi kule chini kwenye joto na majaruba ya mpunga. Ukiacha ile safari ya vipimo, Rosa hakuwahi kutoka nje ya geti letu. Alisimama njia nzima ameweka kidevu kwenye bega langu. Nilikuwa nikimwomba baba msamaha kimoyomoyo, na kila Seleman alipopunguza mwendo kwenye tuta nilidhani nitamwambia ageuze.

Sikumwambia. Rosa alikaa kwa Jackson siku nne, mwishoni mwa Januari mwaka huu.

Siku ya sitini na mbili, mwishoni mwa Machi, Rosa alizaa bandani kwa baba. Gladness alikuwepo, na mama pia, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mara ya kwanza katika maisha yake kukaa ndani ya banda lile. Walitoka sita. Kila aliyetoka Gladness alimfungua mdomo akapitisha kidole juu ya kaakaa, nami nikingoja aseme yuko sawa. Alisema mara sita. Kufikia wiki ya pili wote walikuwa wazito hata mama akawa analalamika tena kuhusu ugali anaoumaliza Rosa, na hapo nilijua mambo yamekaa vizuri.

Sasa wana wiki kumi na moja. Nisikufiche, kaka, hawafanani na Greta. Wawili ni wa kijivujivu kama mbweha, rangi ambayo haijawahi kuonekana kwetu na ambayo baba asingeifurahia. Mmoja sikio lake la kushoto bado limelala. Ni wachangamfu kuliko wale tuliokua nao, wanamkimbilia mtu yeyote. Yale macho ya kukupima sijayaona, labda watakapokua, labda hayatakuja tena. Gladness ananionya nisidhani tumepona. Damu ya nje haifuti kila kitu, nayo inaweza kuja na yake. Kila mmoja atapigwa picha akifikisha mwaka na nusu, na atakayeonekana na kasoro hatazaa. Hawatapandishwa wao kwa wao, wala na Duma baba yao. Majina ya wazazi na majibu ya vipimo nimeyaandika kwa kila anayechukua mtoto, mazuri na mabaya, hadi wale wanne waliokufa. Jackson ameshachagua wake. Wawili wamekwenda kwa watu ninaowajua. Tumebaki na watatu.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyafunika kwa kusema wapo. Nimevunja neno la baba na lako pia, na nimekudanganya juu yake. Nimefikiria sana kwa nini ulinisisitiza vile kwenye simu. Nadhani hukuwa unamtaka mbwa. Ulitaka ukifungua geti ukute kila kitu kama ulivyokiacha miaka kumi na moja iliyopita, na mimi nilitaka nikutunzie hivyo, ndiyo maana nilishindwa kusema. Lakini kaka, hata sisi hatuko kama ulivyotuacha. Mama amekuwa mfupi. Mimi nina mvi mbele. Mti wa parachichi uliokuwa ukikwea ulianguka. Natamani uje utukute hivihivi tulivyo, kabla hatujabadilika zaidi, na Given aje ajue harufu ya kahawa inapochanua.

Msalimie wifi sana, na Given mbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, anasema usiache kuvaa kofia. Gladness anakukumbuka kutoka mashindano ya mbio za shule na anakusalimu. Seleman na Mwanaasha wanakuombea heri, na wanakukabidhi Nasrin, umwangalie kama mdogo wako. Mungu aliyekulinda huko akulinde hadi siku ya kupanda ndege ya kurudi, naye baba, popote alipo, atusamehe sote.

Jambo la mwisho kabla sijaifunga bahasha. Jana alasiri ukungu ulipofunguka nilikwenda kusafisha kaburi la baba. Tuliliwekea vigae mwaka juzi, na jua likipiga linashika joto. Nikawakuta watoto wote watatu wamelala juu yake, mmoja wa kijivu amejinyoosha kichwa kikiwa pale jina lilipoandikwa. Mama alikuwa amesimama pembeni na fimbo ambayo huwa anafukuzia kuku wanaopanda pale. Nilimuuliza niwashushe. Akasema, "Waache, wamepata joto."

Ni mimi mdogo wako, ambaye moyo wake uko nawe kila siku,

Redempta